Njia Tisa za Phineas Musyimi Ndeto

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu wa pande zote mbili, na ninyi nyote mlioacha shifti zenu leo Jumamosi tarehe 14 Machi 2009 mkaja kujaza kanisa hili hapa Wheaton, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni Bilha Ndeto, dada mdogo wa marehemu, mhudumu wa wazee kule Gaithersburg, na nimesimama hapa kusoma historia ya kaka yangu Phineas Musyimi Ndeto, kazi ambayo kamati ya mazishi ilitaka kumpa mtu mwenye ulimi mfupi kuliko wangu, na wala siwalaumu, lakini mjane mwenyewe, wifi yangu Abigail Wairimu, alisema aliyeyamwaga ndiye atakayeyazoa, na tukifika mwisho mtaelewa alimaanisha nini.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 8 Aprili 1962 huko Mutomo, wilaya ya Kitui, akiwa mtoto wa tatu wa hayati mzee Ndeto Kilonzo na hayati mama Mumbua, katika nchi ya vilima vya mawe na miiba, ambako mto una maji wiki chache kwa mwaka na siku nyingine zote ni mchanga mtupu, ukitaka maji unachimba. Alipofika miaka tisa alikuwa tayari anaiendesha baiskeli ya baba, ile nyeusi nzito, akipitisha mguu ndani ya fremu kwa sababu hakukifikia kiti, na kazi yake ilikuwa kuleta mitungi ya maji kutoka kwenye visima vya mchangani, kazi aliyoifanya vizuri isipokuwa kwa jambo moja, kwamba hakurudi hata siku moja kwa njia aliyoendea. Tulikaa na sufuria kavu tukimngoja, mama akichungulia barabarani na kuapa atamchapa, na kweli alimchapa, naye akipanguza machozi akawa anaeleza jinsi alivyogundua njia nyingine nyuma ya kilima yenye kivuli na kisima kitamu zaidi. Mama alikuwa akisema mtoto huyu amekalia siafu, na sisi wadogo tulikuwa tunamwangalia kwa nyuma kuhakikisha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mutomo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari mjini Kitui kuanzia 1976 hadi 1979, na kila muhula ulipofungwa wenzake walingoja lori, yeye akafunga sanduku kwenye keria akanyonga baiskeli kilomita zaidi ya sabini, akafika nyumbani mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi vidole, anacheka. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha ufundi Nairobi, akasomea upimaji ardhi na uchoraji wa ramani, akahitimu mwaka 1983, na kuanzia mwaka huo hadi 1993 aliajiriwa katika ofisi ya maji Machakos akichora njia za mabomba, ambako mkubwa wake aliandika katika barua ya sifa, nami ninayo, kwamba ramani za Ndugu Musyimi hazina kosa, ila Ndugu Musyimi mwenyewe haonekani kwenye meza yake, kwa kuwa kila mara amekwenda kuona kama kilima kiko pale ramani inaposema kiko.

Alifika nchi hii tarehe 22 Agosti 1994, akaanza kwa kuhudumia wazee katika nyumba moja hapa Wheaton, akawa anasoma jioni, hadi Mei 1998 alipopata kazi Gaithersburg katika ofisi inayochora ramani za mabomba ya maji, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomtoa. Mwaka 2001 alinileta mimi, nikakaa kwao miaka miwili, kwa hiyo ninayowaambia sikuyasikia kwa jirani. Kaka yangu alikula amesimama, alitazama televisheni amesimama, kwenye foleni ya barabara ya 270 alikuwa akitoka njiani kila penye mlango wa kutokea ili tu gari liendelee kusogea, hata kama tutachelewa mara mbili, na ninyi wa kanisa hili ni mashahidi kwamba mahubiri yakipita nusu saa alikuwa anatoka kwenda kuangalia kama magari yetu yamefungwa vizuri. Mchungaji, alikupenda sana, ni miguu tu iliyokuwa haipendi viti.

Katika ile nyumba ya wazee ndiko alikokutana na Abigail Wairimu, muuguzi, binti wa Othaya, mtulivu wa kupindukia, na sote tulijiuliza hawa wataishi vipi. Machi 1995 kaka yetu mkubwa alipeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kumposa binti, kwa wakwe kama mila yetu Wakamba inavyotaka, mmoja wao akatoroka njiani akakamatwa, watu wakasema huyo ndiye aliyemwakilisha bwana harusi, na tarehe 17 Juni 1995 wakafunga ndoa takatifu katika kanisa hili hili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mumbua, aliyechukua jina la mama yetu, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1996, na Ndeto, aliyechukua jina la baba yetu, aliyezaliwa tarehe 11 Desemba 1999, wote wapo hapa mbele, nao kama watoto wenu ukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza, na baba yao alikuwa akiwarudishia kwa Kikamba ili wawe sare.

Hapa kwenye aya ya watoto inanibidi nisimame, kwa sababu mwenyekiti wa kamati yetu, mzee Peterson Kuria, aliniagiza niache nafasi. Alisema kwa upole, kwenye kikao cha mipango nyumbani kwa marehemu, kwamba sote tumewahi kuona mazishi yakisimamishwa na mwanamke asiyejulikana amemshika mtoto mkono, na historia ikishachapishwa imechapishwa, jina ambalo halimo limekataliwa mbele ya watu, kwa hiyo afadhali mistari miwili iachwe wazi mpaka ijulikane. Na kila mtu chumbani alijua anasema nini, na Abigail aliyekuwa amekaa pale pale kwenye kochi alijua pia.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mwaka 2001 marehemu alinunua baiskeli ya mbio kwa Ndugu Kwesi wa Bladensburg, aliyekaa pale kulia, mwalimu, mzaliwa wa hapa hapa, aliyejifunza Kiswahili chuoni akakijua mpaka anatutia aibu, sisi tukisema leta maji yeye anasema tafadhali naomba unipatie maji, na nyuma ya nyumba yake ana gereji ya kutengeneza baiskeli. Kila Jumamosi walikwenda pamoja, mpaka Jumamosi ya tarehe 13 Septemba 2003, ambapo gari lilimgonga marehemu kwa nyuma, likamvunja nyonga na mfupa wa bega, akapelekwa kwenye hospitali ambako mke wake alikuwa zamu, na Abigail ndiye aliyefungua pazia akidhani anakwenda kumpokea mgonjwa, akamkuta baba Mumbua kwenye damu. Hakulia siku ile, alifanya kazi yake, lakini kaka yangu alipoweza kusimama, Jumapili tarehe 23 Novemba 2003, mke wake alimleta hapa mbele, na wengi wenu mlikuwepo, naye kaka akaweka mkono kwenye Biblia akaapa kwamba hatapanda baiskeli tena maisha yake yote. Tulipiga makofi, tukaenda kula pilau.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu kuutazama, maana alikata nyasi mara mbili kwa wiki, akakata za majirani, akapanga na kupangua karakana, akashuka na kupanda ngazi kwa sababu ambazo hata yeye hakuzijua. Februari 2005 ofisi yake ilimpeleka kwenye semina ya mabomba katika nchi kame, mji wa Almeria, kusini mwa Hispania, na siku ya pili akanipigia simu akipiga kelele, akisema Bilha, nimeiona Mutomo na imewekewa bahari pembeni, ina vilima vilevile, mawe yaleyale, mbuzi walewale, na mito ya mchanga isiyo na tone la maji. Nilimwambia apunguze divai. Baada ya hapo, Februari 2006, Februari 2007 na Februari 2008, alikwenda tena siku kumi kumi, akimwambia mke wake ni semina, na semina ya pili hadi ya nne, ndugu zangu, hazikuwahi kuwepo.

Ilipofika Machi 2007 alinipa lifti kwenda kazini, nikafungua kisanduku cha gari kutafuta tishu, nikaona kadi yenye picha ya milozi imechanua, nyuma imeandikwa Kihispania na kutiwa sahihi Remedios. Ningeirudisha. Mtu mwenye adabu angeirudisha. Mimi niliitia mkobani, nikampelekea mwenzangu wa kazini anayetoka El Salvador, akanisomea kwamba chumba chako kiko tayari, nakungoja Februari kama kawaida. Sisi watu wa huku mtu akipotea tunajua sababu ni mbili tu, ni makaratasi au ni mwanamke, na kaka yangu makaratasi alikuwa nayo. Nilikwenda kusukwa kwa Leokadia pale karibu na stesheni ya Wheaton, nikamwambia yeye peke yake, naye akamwambia mtu mmoja peke yake, na Jumapili kanisa zima lilikuwa linamtazama Abigail kwa huruma, wakisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi ndiye niliyelisema, leo nalisema kwa jina langu.

Abigail hakuuliza kitu. Alihamishia mto wake chumbani kwa Mumbua, akaendelea kupika, kupiga pasi mashati yake, na kumfungia mizigo ya Februari iliyofuata, na yeye kaka yangu, mwerevu wa ramani zote, alidhani mkewe ana uchovu wa kazi. Miezi kumi na tisa nyumba ile ilikaa hivyo, nami nilikuwa naingia, nakula chapati zao, natoka.

Tarehe 20 Oktoba 2008 alipimwa akakutwa na saratani ya kongosho, tayari imeenea. Alilazwa mara tatu, na mara ya mwisho, kuanzia tarehe 26 Januari mwaka huu, hakutoka tena. Hata pale kitandani miguu haikukubali, chini ya shuka ilikuwa inakwenda, kulia, kushoto, kulia, kushoto, wauguzi wakadhani ni maumivu wakaongeza dawa, na Abigail akawa anakaa pale mwisho wa kitanda amezishika zile nyayo kwa mikono miwili, mwanamke aliyeamini kwamba miguu hiyo ilikuwa inamkimbilia mwingine. Mwezi wa pili wote aliuliza leo ni tarehe ngapi, akiambiwa anafumba macho, anataka kusema neno, linakwama, anaomba maji. Alifariki Jumanne tarehe 3 Machi 2009, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mke wake akiwepo.

Ijumaa ya tarehe 6, mzee Kuria aliposema tuache ile nafasi, Abigail alisimama, akasema kwa sauti yake ileile ndogo kwamba historia isichapishwe, na mwili usipande ndege kwenda Mutomo naye akiwa pembeni, mpaka aambiwe atakuwa anamsindikiza mume wake au mume wa watu wawili. Kisha akanitazama mimi. Nikaona heri angenizaba kofi.

Jumapili tarehe 8 nilimchukua yule mwenzangu wa El Salvador, tukapiga namba iliyokuwa kwenye kadi, nimejiandaa kutukana kwa lugha tatu. Aliyepokea alikuwa Remedios mwenyewe, bibi wa miaka sabini na minne, mjane, mwenye mkahawa mdogo na vyumba viwili vya wageni katika kijiji chini ya milima ya Filabres, na tulipomwambia Phineas amefariki alilia kama aliyefiwa na mwanawe, akatuuliza mke wake yukoje, maana kila Februari aliahidi kwamba mwakani atamleta. Bibi alisema hajui mengi, anajua tu kwamba alikuwa anafika na sanduku kubwa, anaondoka asubuhi na baiskeli, anarudi jioni mwekundu kwa vumbi anacheka, na kwamba tumuulize rafiki yake wa Amerika anayelitunza lile sanduku.

Jumanne tarehe 10 tulikwenda Bladensburg, Abigail na mimi. Ndugu Kwesi alifungua gereji, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba samahani sana mama, niliombwa nifiche, na kila mwaka nilimsihi mume wako akwambie ukweli, na kila mwaka aliniahidi atakwambia. Baiskeli ya marehemu ilikuwa imening'inia ukutani, safi, na lile sanduku chini yake. Abigail alikaa juu ya ndoo akacheka, ndugu zangu, alicheka mpaka nikaogopa, halafu akasema afadhali angekuwa mwanamke, maana mwanamke angemwendea wakamalizana, lakini huyu mtu alimwapia Mungu mbele ya kanisa, akamdanganya yeye miaka mitatu, akauweka mwili ule ule aliouuguza yeye kwa mikono yake juu ya milima bila mtu wa kumwokota. Sikumtetea. Alikosa, na mimi nilikosa zaidi, maana yeye alificha baiskeli na mimi nikaigeuza kuwa mke.

Halafu Kwesi akatupa daftari. Mmeliona hapo juu ya jeneza, lile jekundu, ndani yake kaka yangu amechora njia za kule kwa mkono kama alivyokuwa akichora Machakos, kila mpando na urefu wake, kila kona, na kwa kalamu ya buluu kila mahali penye maji, bomba la kijiji, chemchemi, birika la mbuzi, mkahawa wa Remedios. Njia ya kwanza inatoka Almeria kufuata ufuko hadi rasi ya Gata, ameandika tambarare, upepo mkali, maji hakuna kabisa, jaza chupa tatu. Ya nne inatoka Tabernas kupitia ile nchi ya mmomonyoko isiyokaliwa hata na mjusi, inapanda Velefique kwa vikona visivyokwisha, na pembeni ameandika hapa nilishuka nikakaa chini nikamkumbuka mama na fimbo yake. Hakuna njia hata moja inayorudi ilikotokea. Na kwenye kila ukurasa, kwenye kituo cha adhuhuri, ameandika saa ya kule na saa ya Wheaton, na Abigail alizitambua zile saa, kwa sababu ndizo saa alizokuwa akimpigia simu kazini, wakati wa mapumziko yake ya zamu ya usiku, kila siku bila kukosa, naye alikuwa anasikia vikombe na kengele za mbuzi nyuma yake, anaambiwa ni mkahawa wa hoteli.

Ziko njia tisa. Ya tisa ameandika juu, kwa gari, na Abigail, Februari 2009. Ameichora fupi, taratibu, bila mpando mkali, kwa kuwa wifi yangu anatapika kwenye kona, inapita katikati ya milozi iliyochanua, inafika kwenye birika la maji chini ya kijiji, na hapo hakuandika kilomita wala urefu, ameandika, hapa nitamwambia.

Sasa mnajua kwa nini alikuwa anauliza tarehe.

Kwa hiyo mzee Kuria, ile nafasi nimeifuta, watoto ni wawili, mke ni mmoja, na Jumatatu tarehe 16 Abigail, Mumbua na Ndeto watapanda ndege pamoja na baba yao, tumzike Mutomo Jumamosi tarehe 21, Bwana akipenda. Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na wale waliokuwa wakimfunika miguu kila ilipofunua shuka, nawashukuru wenzake wa ofisini Gaithersburg walioficha kwamba hakuna semina, ingawa tutaonana baadaye, majirani zake ambao nyasi zao hazitakatwa tena kwa bidii ile, Ndugu Kwesi, bibi Remedios aliyetuma salamu na kusema kile chumba hatampa mtu Februari ijayo mpaka Abigail aamue, kamati yetu, na kanisa hili lililoshuhudia kiapo na leo limesikia kilivyovunjwa. Na wifi yangu, nimekuomba msamaha nyumbani, nakuomba tena hapa, mbele ya wote niliowaambia.

Abigail hakutaka kusimama, amenituma nifikishe ujumbe wake, na ameniagiza nisiongeze kitu, jambo ambalo mnajua linavyoniumiza. Nitauelekeza kwa mwenyewe. Kaka, mkeo, mama Mumbua, anasema, nimeshaambiwa.

Basi mpando umekwisha, mwana wa Ndeto. Mbele ni mteremko mtupu, acha kukanyaga sasa, miguu itulie.